Kuchapa Kwingine

Siku moja niliwauliza watoto wangu wa darasa la kwanza: kuchapa ni nini? Walinijibu kwa miili kabla ya midomo. Wengine walificha mikono chini ya dawati. Mmoja alijishika makalio, wenzake wakacheka. Msichana aliyekaa mbele akasema, "Kuchapa ni bakora, Mwalimu." Hakuna aliyesema kuchapa ni kutia alama kwenye karatasi au kitambaa. Na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimewaona mama zao getini wakiwaleta, karibu wote wamejitanda kanga: kitambaa kilichochapwa rangi, kikachapwa nakshi, kikachapwa maneno.

Naandika makala haya kwa hasira kidogo, na niseme mapema kwamba hasira hiyo inanihusu na mimi. Nafundisha madarasa ya chini katika skuli moja ya serikali, nje kidogo ya Mji Mkongwe wa Unguja. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha watoto wa miaka sita hadi tisa kuchapa. Hatuna mtambo wala kompyuta. Tunatumia bua la mpapai, kipande cha mgomba, kandambili kuukuu na masizi ya sufuria. Muhula uliopita niliambiwa niache. Kile kipindi kimoja kwa wiki kikapewa hesabu, kwa sababu mtihani wa darasa la nne hauna swali la kuchapa. Mkubwa aliyeniambia si mtu mbaya. Alisema analosema kila mtu: "Mwalimu, michezo baadaye. Kwanza wajue kusoma." Nataka kumjibu yeye, na nyinyi mnaokubaliana naye, kwa urefu ambao sikuupata ofisini kwake.

Dai langu ni hili. Kumfundisha mtoto mdogo kuchapa si pambo la masomo. Ni njia mojawapo ya kusoma na kuandika, na kwa mtoto wa mtu wa kawaida ni mara ya kwanza kushika muhuri wake mwenyewe, katika nchi ambayo muhuri siku zote uko mkononi mwa mtu mwingine.

Nianze na kile tunachokifanya, maana wengi wanaokikataa hawajakiona.

Bua la jani la mpapai lina tundu ndani. Watoto wetu wanalijua kwa kupulizia mapovu ya sabuni. Nalikata vipande vifupi. Mtoto anachovya ncha moja kwenye rangi, anagandamiza kwenye karatasi, anainua. Imetoka O. Kwa mtoto aliyehangaika wiki tatu kufunga duara la O kwa penseli, hili ni jambo kubwa. Anapiga ya pili, ya tatu, anajaza karatasi, na mkono uliokuwa umekakamaa kwa hofu unalegea. Kesho yake akishika penseli, O yake ni bora kuliko ya jana. Sijui kueleza sababu kwa lugha ya wataalamu. Nimeiona mara nyingi mno kuiita bahati.

Bua la jani la mgomba, ukilikata, linatoa mwezi mwandamo wenye vyumba vyumba ndani kama sega la nyuki. Bamia inatoa ua lenye pembe. Kamba ya usumba ikizungushwa kwenye kipande cha ubao inatoa mistari kama mawimbi. Rangi tunapika wenyewe: uji mwepesi wa unga wa muhogo, kisha masizi kwa weusi, manjano kwa umanjano, udongo mwekundu uliochekechwa kwa wekundu. Kidau cha rangi ni kipande cha sponji kutoka godoro bovu, kimewekwa ndani ya kifuniko cha mkebe. Karatasi tunazo: nyuma ya mitihani ya miaka iliyopita. Skuli yetu ina uhaba wa mambo mengi, lakini haijawahi kupungukiwa na mitihani ya zamani.

Mpango wenyewe nimeuazima kwa mama zao. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Darasa la kwanza tunafanya pindo, darasa la pili mji, darasa la tatu jina.

Pindo ni hesabu, ingawa hatuiti hivyo. Mtoto anaanza kupiga maua yake pembezoni mwa karatasi bila kupima, kwa furaha, hadi kona inamkuta amebakiwa na nafasi ya nusu ua. Anaangalia. Anajua kuna kitu hakiko sawa, kwa sababu tangu azaliwe hajaona kanga ya mama yake inaishia nusu ua. Mara ya pili anaweka vidole kwanza, anahesabu nafasi. Mara ya tatu anamuuliza mwenzake, "Yako ziliingia ngapi?" Kumi na mbili. Akitaka kubadilishana ua na mwezi, ziwe ngapi ngapi? Sita sita. Hapo amegawanya, na hakuna aliyelia. Sasa mkubwa wangu ameniondolea kipindi hiki ili nifundishe kugawanya.

Mji ndio mahali pa kujifunza kurudia bila kuchoka na kubadilisha bila kuharibu. Ua likikaa katikati, upande wa kulia na wa kushoto lazima ziitikiane. Watoto wanakunja karatasi, wanaifungua, wanalinganisha. Hapa tunatumia kandambili zilizokatika. Soli yake laini inakatika vizuri kwa wembe, na kazi ya kukata ni yangu. Wao wanachora kwa bolpeni umbo wanalolitaka, mimi nakata, wao wanabandika kwenye kipande cha ubao. Kandambili moja inatoa mihuri minne.

Jina ndilo gumu, na ndilo linalonifanya niandike.

Kwa jina tunatumia yale maboksi meupe ya povu ya kutilia chipsi. Tunayaosha, tunakata ule upande ulio sawa, na mtoto anaandika juu yake kwa bolpeni iliyokwisha wino, akigandamiza hadi herufi zizame. Anapaka rangi kwa sponji, analaza karatasi juu, anasugua kwa mgongo wa kijiko, anabandua. Bonde la herufi linabaki jeupe, pembeni kumejaa rangi. Na maandishi yametoka kinyume.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi sikuwaambia kitakachotokea. Nilitaka waone wenyewe. Niliwapa neno moja wote, NANASI, kwa herufi kubwa. Karatasi zilipobanduliwa darasa lilipiga kelele. Kila neno lilikuwa limepinduka, N zimegeuka, S zimegeuka, kama vile mtu amelitazama kwenye kioo. Wakawa wanacheka, wanakwenda dirishani kuinua karatasi kwenye mwanga ili wasome kwa nyuma.

Isipokuwa mmoja. Huyu alikuwa mtoto wa dawati la nyuma, ambaye tangu mwanzo wa mwaka aliandika N na S kwa kuzigeuza. Nilimsahihisha kwa wino mwekundu. Nilimsimamisha ubaoni. Na siku moja, ni lazima niiseme kwa sababu bila hiyo makala haya ni uongo, nilimchapa. Bakora mbili za kiganja, kwa N. Nilikuwa na watoto zaidi ya sabini mbele yangu na jua la saa saba, lakini sabini wale hawakunishika mkono kunilazimisha.

Kwenye povu naye aliandika kama alivyozoea, herufi zimegeuka. Alipobandua karatasi yake, N zake zilisimama sawasawa, S yake sawasawa. Ni yeye peke yake katika darasa zima aliyekuwa na herufi sahihi. Ila mpangilio wa neno ulikuwa umegeuka, herufi ya kwanza imekaa kulia. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaniletea mezani na kuniambia, kwa sauti ya mtu anayemuelekeza mgeni njia: "Mwalimu, yangu unasoma kama chuoni."

Alikuwa na haki. Ukianzia kulia kwenda kushoto, kama wanavyosoma msahafu chuoni, ilikuwa nanasi kamili.

Nawaomba wenzangu walimu mkae na jambo hili kidogo. Mtoto wetu wa Unguja anaamka, anakwenda skuli, anafundishwa kwamba maandishi yanaanza kushoto. Anakula, anakwenda chuoni, anafundishwa kwamba maandishi yanaanza kulia. Ana miaka sita. Anafanya kila siku kazi ya akili ambayo watu wazima wengi duniani hawajawahi kuifanya, na sisi tukiona herufi moja imegeukia upande wa pili tunasema huyu hana akili. Hakuna hata siku moja tumemkalisha tukamwambia: pande ziko mbili, angalia, hivi ndivyo kitu kinavyogeuka, na hivi ndivyo unavyokirudisha. Kuchapa kunamwambia hivyo. Nami sijapata somo jingine linalomwambia.

Baada ya siku ile tulikaa wiki mbili juu ya kugeuka. Tuliandika kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, tukailaza kifudifudi juu ya povu, tukafuatisha kwa nyuma. Neno likachongwa kinyume, likatoka sawa. Yule mtoto wa nyuma akawa fundi. Wenzake walimpelekea povu zao azikague kabla ya kupaka rangi. Mtu anayelijua kosa kwa ndani analiona haraka. Kufikia mwisho wa muhula, kwenye daftari, N zake zilikuwa zinasimama. Sikumchapa tena kwa herufi. Wala sikumchapa mwingine, ingawa kwa hilo sidai sifa, nimechelewa.

Karatasi ile ya nanasi niliihifadhi. Nilipoitwa ofisini niliichukua kama ushahidi. Mkubwa wangu aliishika, akaisoma kutoka kushoto, akasema, "Isanan? Hili ni neno gani? Hata kuandika hajui." Sikumlaumu sana. Alikuwa ameisoma kama nilivyomsoma mimi yule mtoto.

Sasa nijibu yanayosemwa.

Linasemwa kwamba haya ni mambo ya wageni. Wanaosema hivyo hawajui historia ya mtaa wao. Mwaka 1864, Askofu Tozer na Dk. Edward Steere walipofika Unguja na misheni yao ya Kiingereza, Sultan Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Steere alikuwa na mtambo wa chapa, na watoto wa misheni ile walifundishwa kupanga herufi za risasi, moja moja, kinyume, na kuchapa kurasa za Kiswahili. Baadaye Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta mtambo wake wa herufi za Kiarabu, na vitabu vya dini na sheria vikachapwa hapa hapa kisiwani. Kwa hiyo katika karne ya 19 Unguja ilikuwa inachapa kwa pande zote mbili, kutoka kushoto na kutoka kulia. Kiunguja kilichochapwa hivyo ndicho baadaye kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Wajukuu wa kisiwa hicho leo wanaambiwa kuchapa si kwao.

Walimu wa Ulaya wanamsifu Célestin Freinet, mwalimu wa skuli ya msingi katika kijiji cha Ufaransa, aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na jeraha la pafu. Inasemekana alikuwa hawezi kuongea muda mrefu darasani. Mwaka 1924 aliingiza mtambo mdogo wa chapa darasani, watoto wakawa wanaandika mambo yao wenyewe, wanayapanga kwa herufi, wanayachapa, wanabadilishana na watoto wa skuli nyingine. Dunia ikashangaa. Watoto wa Unguja walikuwa wamezishika herufi hizo hizo miaka sitini kabla.

Lakini sitaki kudanganya kwa kujisifu. Kuna tofauti, na tofauti hiyo ni kubwa. Watoto wa Freinet walichapa maneno yao. Watoto wa misheni waliokolewa utumwani, kisha wakapewa maneno ya kuchapa. Hakuna aliyewauliza wao wana lipi la kusema. Mimi nataka kile cha Freinet, kwa malighafi ya hapa.

Linasemwa kwamba vifaa hakuna. Nimeshavitaja. Hakuna kimoja kinachonunuliwa dukani isipokuwa unga, na kwa darasa zima ni vikombe viwili. Lakini hapa nina deni la kulikiri. Mwanzoni nilitumia mbatata, kama vitabu vya kigeni vinavyoelekeza: kata mbatata, chonga nyota, chapa. Mama mmoja alinifuata baada ya skuli. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu kanambia mmechezea mbatata. Mimi kilo naijua bei yake." Hakusema zaidi. Niliona haya hadi leo. Chakula hakichezewi, na mwalimu anayemfundisha mtoto kuchovya chakula kwenye masizi katika nyumba ambayo chakula kinahesabiwa, amemfundisha jambo baya pamoja na zuri. Siku ile ndipo nilipohamia kwenye bua la mpapai, mgomba na kandambili. Bamia natumia zilizokomaa hadi hazitafunwi. Pingamizi la yule mama ni la kweli kuliko yote niliyoyasikia kutoka kwa wenye vyeo, na ndilo pekee lililobadilisha kazi yangu.

Linasemwa kwamba ni hatari, watoto na visu. Watoto wangu hawashiki kisu. Lakini fungueni mikoba yao mtazame wanachochongea penseli. Ni wembe, umekunjwa kwenye karatasi, kila siku, bila mwalimu kuusimamia. Ule hatuuogopi kwa sababu tumeuzoea. Na Japani watoto wa skuli za msingi huchonga ubao kwa patasi ndogo na kuchapa picha, kama sehemu ya somo lao la sanaa, mwalimu akiwa anawasimamia. Hatari inayosimamiwa ni somo. Wembe wa mkobani ndio hatari yenyewe.

Linasemwa kwamba wanachafua sare. Kweli. Mashati ni meupe, mitandio ni meupe, na manjano hayatoki. Nimekosana na wazazi kwa hili, na nimefua mtandio wa mtu kwa mikono yangu. Suluhisho ni fulana ya baba iliyochakaa, inavaliwa juu ya sare, mkono wa kushoto umefungwa fundo. Tulizipata thelathini kwa wiki moja.

Linasemwa kwamba picha zina utata katika dini. Wazazi wawili walinijia kwa hili kwa adabu, nami nikawajibu kwa adabu. Hatuchapi watu wala wanyama. Tunachapa maua, majani, miezi, nyota, minyororo, herufi. Waliochonga milango ya Mji Mkongwe nao walichonga sana maua, majani na minyororo, na sijasikia mtu akisema kazi yao ina upungufu. Mzazi mmoja kati ya wale wawili ndiye aliyeniletea sponji la godoro.

Na linasemwa, mara hii na watu wanaojiona wako upande wangu, kwamba kazi hii ni nzuri kwa sababu ya utalii: watoto wakikua watauza vitambaa. Marafiki hawa wananiudhi kuliko maadui. Sikatai kwamba watu wanaishi kwa kazi hii. Dar es Salaam, Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972 ilitoa wachapaji wa picha kama Robino Ntila. Uganda yupo Fred Mutebi, anayechonga mbao na kuchapa rangi juu ya rangi. Lakini mtoto wa miaka saba hajifunzi kusoma ili awe karani, wala hajifunzi kuhesabu ili awe mwenye duka. Kwa nini akishika rangi tu, tunaanza kumuuza?

Utalii huo huo unatuletea vijana wa kujitolea, na chupa za rangi. Watoto wanapangwa mstari, wanachovya viganja, wanabandika ukutani, picha zinapigwa, wageni wanaondoka kabla rangi haijakauka. Kiganja ukutani si kuchapa. Mtoto hakuchonga kitu, hakukigeuza, hakukosea, hakurudia. Ametumiwa yeye kuwa muhuri.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka na sote tuliumia, na ilikuwa haki kuumia. Ila nauliza: mikono ya kuchonga na kuchapa, inayokufa polepole katika madarasa ya watoto sabini, imewekwa kwenye orodha gani? Kanga zinazouzwa Darajani na Mchangani nyingi zinachapwa India. Maneno ni yetu, mafumbo ni yetu, na anayeyachapa pengine hajui hata kuyasoma. Mombasa, kampuni ya Kaderdina Hajee Essak imekuwa ikiuza leso tangu mwaka 1887, na alama yake, "Mali ya Abdulla", bado inajulikana pwani yote. Kanga za mwanzo za maneno ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za Kilatini. Yaani kitambaa hiki nacho kimegeuka kutoka kulia kwenda kushoto, kama yule mtoto wangu.

Nimesema mwanzoni kwamba muhuri uko mkononi mwa mtu mwingine. Nieleze.

Mtoto wa hapa akizaliwa, anapigiwa muhuri. Akiandikishwa skuli, mzazi anakwenda kwa sheha kutafuta barua, na barua bila muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Akiwa mgonjwa, muhuri. Akitaka kitambulisho, muhuri. Mtoto anakua akijua kwamba kile kijiti chenye mpira ndicho kinachofanya neno liwe kweli, na kwamba kinafungiwa kwenye mtoto wa meza wa mtu mkubwa. Sasa mpe mtoto huyo kandambili yake mwenyewe, umwambie: chagua neno.

Mwaka juzi darasa la tatu tulifika kwenye jina. Niliwaambia kila mmoja achape maneno mawili anayotaka watu wayasome. Niliyapata niliyoyatarajia: NAMPENDA MAMA, ZANZIBAR NJEMA, jina la timu ya mpira. Kisha msichana mmoja, mpole, ambaye katika miaka miwili sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono, aliniletea karatasi yenye pindo la miezi iliyopangwa vizuri kabisa, na katikati: NIKAE MBELE.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema ubaoni haoni. Hakuwa anaona tangu darasa la kwanza. Alikuwa akinakili kwa jirani yake.

Nilimkalisha mbele siku ile ile, na mama yake akampeleka kupimwa macho. Nimefundisha watoto wengi, nimewatahini mara nyingi, na hakuna mtihani uliowahi kuniambia jambo lile. Uliniambia amepata thelathini na nane.

Basi ninachoomba si kikubwa. Wizara yetu inaitwa ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Amali isisubiri vijana waliofeli. Kipindi kimoja kwa wiki, madarasa matatu ya mwanzo, pindo, mji na jina. Mafunzo ya siku mbili kwa walimu, yafundishwe na walimu wenyewe. Na wakaguzi wakija, wasiulize picha iko wapi ya kutundika. Waulize mtoto amekosea mara ngapi na amefanya nini baadaye.

Kwa wenzangu ambao hawatasubiri barua: bua la mpapai likatwe asubuhi ile ile, likilala linanyauka. Uji uwe mwepesi kama maziwa, si mzito. Watoto kumi kwa zamu, wengine wakate karatasi. Msiwaambie mapema kwamba herufi zitageuka.

Yule mtoto wa nyuma sasa yuko darasa la nne. Wiki iliyopita nilimkuta karibu na mfereji wakati wa mapumziko, nikamwambia nilimkosea kwa zile bakora mbili. Alinitazama kama mtu asiyekumbuka, au anayekumbuka na kuona haya kwa ajili yangu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, tutachapa tena lini?" Na mara hii, nikasikia, neno lile alikuwa na maana yake ya pili.